FET, programu ya bure ya ratiba ya shule: namna ya kuitumia ili kwaya isimezwe na mpira

Mwalimu wa taaluma anapokaa kupanga ratiba ya mwaka katika shule nyingi za Dar es Salaam, jambo la kwanza kuingia kwenye karatasi baada ya masomo ni michezo. Jumatano alasiri, Ijumaa alasiri, na siku ya tatu kama kuna mashindano mbele. Muziki unasubiri mwisho, uonekane pamebaki wapi, na aghalabu hapajabaki mahali. Mwalimu wa kwaya anaambiwa atumie muda wa ziada, saa ambayo wanafunzi wanaokaa mbali wameshakimbilia mwendokasi na dereva wa basi la shule ameshawasha gari.

FET ni programu ya kompyuta inayopanga ratiba yenyewe baada ya wewe kuipa walimu, madarasa, vyumba na masharti. Ilianzishwa mwaka 2002 na Liviu Lalescu wa Romania, na inatolewa bure chini ya leseni ya programu huria iitwayo AGPL. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Hapa naitathmini kwa kazi moja tu: je, inaweza kuzipa kwaya, bendi na michezo nafasi ya haki ndani ya wiki ileile? Inaweza, na inawashinda kwa mbali penseli na Excel. Ila kuna sharti moja lisiloepukika: muziki uingizwe kwenye programu kwa namna ileile michezo inavyoingizwa. Anayeingiza michezo kama ukuta na muziki kama ombi atapata ratiba ileile ya zamani, safari hii imechapwa vizuri.

Mistari ya siku

FET haijui saa za ukutani, inajua mistari tu, yaani vipande vya siku vinavyofuatana kwenye ratiba, na majina ya mistari unayaandika wewe. Kwa hiyo andika kwa saa zetu: 1:30–2:10, 2:10–2:50 na kuendelea, na siku ziwe Jumatatu hadi Ijumaa. Karatasi itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo itatoka hivyohivyo, hakuna wa kutafsiri.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Wengi huandika vipindi peke yake na kuyaacha mapumziko nje, kwa kuwa mapumziko si kipindi. Kwa FET, mistari miwili inayofuatana kwenye orodha imeungana. Ikipewa kipindi maradufu cha bendi, inaweza kukiweka nusu kabla ya mapumziko na nusu baada yake. Walimu wanaojua bendi wanajua maana yake: dakika kumi za kutoa vyombo, dakika ishirini na tano za kupiga, kengele, uji, halafu kuanza tena kuwakusanya watoto na kulinganisha sauti. Dawa ni kuyaingiza mapumziko na chakula kama mistari, kisha kuyazuia kwa sharti linaloitwa "Break times". Programu haitaruka juu ya mstari uliozuiwa.

Chukua shule ya sekondari yenye vipindi 10 vya dakika 40 kwa siku, mapumziko saa 4:10 hadi 4:40 na chakula saa 7:20 hadi 8:00. Inakuwa mistari 12 kwa siku, 60 kwa wiki. Ondoa 10 ya mapumziko na chakula, kisha ondoa kipindi cha saa 6:40 siku ya Ijumaa kwa ajili ya swala. Umebaki na vipindi 49. Masomo yakichukua 40 na baraza la darasa kimoja, vinabaki 8: vinne vya michezo na vinne vya muziki na klabu, kila upande ukigawanywa mara mbili kwa maradufu. Kwa hesabu hiyo kila kitu kinaenea. Lakini hii ni hesabu ya muda tu, na ugomvi wenyewe hauko kwenye muda.

Panapobana kweli

Michezo inataka alasiri kwa sababu jua limepungua makali na mtoto aliyelowa jasho harudi darasani. Muziki nao unataka alasiri kwa sababu ngoma na tarumbeta karibu na darasa la Kidato cha Nne saa tatu asubuhi ni kero ya halali. Wote wawili wanatazama maradufu ya mwisho, saa 8:00 hadi 9:20, na kwa wiki maradufu hayo ni matano tu.

Sasa hesabu vidato vinne. Kila kidato kinataka alasiri mbili za michezo, jumla nane. Uwanja mmoja ukibeba vidato viwili kwa pamoja, siku tano zinatoa nafasi kumi. Michezo imetosheka, na ziada juu. Muziki nao unataka nane, ila ukumbi ni mmoja na mwalimu ni mmoja: siku tano, nafasi tano. Hapo ndipo muziki unapokufa, na mwalimu wa michezo hana kosa. Hata ukimnyang'anya Jumatano yake, ukumbi hauongezeki.

Ukiiambia FET itafute ratiba ya namna hiyo kwa masharti magumu, yasiyovunjwa, itakwama. Ama itatamka mapema kwamba haiwezekani na kutaja shughuli iliyoishinda, ama itazunguka bila kumaliza mpaka uisimamishe, na ukiisimamisha inakuonyesha imefika shughuli ya ngapi na zipi zilizo ngumu. Soma orodha hiyo kwa makini. Ikiwa majina yaliyo juu ni "Kwaya I", "Kwaya II", "Kwaya III", tatizo ni chumba na mwalimu, na suluhisho ni kuunganisha: Kidato cha Kwanza na cha Pili waimbe pamoja, cha Tatu na cha Nne pamoja. Nafasi nane zinakuwa nne, na ukumbi unatosha. Kwenye FET shughuli moja inaweza kubeba makundi kadhaa ya wanafunzi, hivyo unaunda "Kwaya I–II" yenye makundi mawili, mwalimu mmoja, urefu wa vipindi viwili, mara mbili kwa wiki.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mwalimu wa muziki akiwa wa muda, na wengi ni wa muda. Ni mtu aliyesoma chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anagawa wiki yake kwa shule mbili tatu. Tuseme anakuja Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Alasiri zake ni tatu, na shughuli ni nne. Moja lazima iende kwingine, kwa mfano Jumanne saa 6:00 hadi 7:20, kabla ya chakula. FET itaipata nafasi hiyo yenyewe ikiwa umeiruhusu kuvunja sharti la alasiri pale inapobidi. Unapojaza siku ambazo mwalimu hayupo, zuia nusu siku nzima, usizuie vipindi viwili vitatu. Anayefundisha Mbezi asubuhi hawezi kuwa Temeke baada ya dakika arobaini, na ratiba inayodhani anaweza itavunjika wiki ya kwanza.

Neno moja kuhusu Ijumaa. Baada ya swala na chakula mahudhurio hupungua, na vipindi vya alasiri ya siku hiyo ndivyo dhaifu kuliko vyote katika wiki. Kundi moja lisipewe mazoezi yake yote mawili hapo. Ukigawanya shughuli mara mbili, FET inaongeza yenyewe sharti la siku kati ya zoezi na zoezi, uzito ukiwa asilimia 95. Liweke angalau siku mbili.

Uzito: mahali haki inapoamuliwa

Kila sharti lina uzito kutoka 0 hadi 100. Mia maana yake halivunjwi kwa hali yoyote. Tisini na tano maana yake programu itajitahidi sana kulitimiza kabla ya kuliachia. Kanuni ninayoisimamia ni hii: mia ni ya jambo lisilowezekana kimwili au lisiloguswa, kama swala, mwalimu asiyekuwepo, au chumba kimoja kubeba shughuli mbili kwa wakati mmoja. Matakwa mengine yote, hata yale yaliyozoeleka miaka kumi, yaanzie 95.

Kosa linalojirudia ni michezo kupewa mia kwa Jumatano na Ijumaa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Baya zaidi ni pale michezo isipoingizwa kama shughuli kabisa: mtu anaweka shule nzima "haipatikani" alasiri hizo, basi. Akifanya hivyo programu haioni michezo. Haijui kwamba Kidato cha Pili kingeweza kucheza Jumatatu na kuimba Jumatano, kwa kuwa kwake Jumatano haipo. Ingiza michezo kama shughuli kamili: mwalimu wake, makundi yake (vidato vinavyocheza pamoja viwe ndani ya shughuli moja), chumba kinachoitwa "Uwanja", urefu wa vipindi viwili. Kisha upe michezo sharti la alasiri kwa uzito 95, na muziki sharti lilelile kwa uzito uleule.

Ratiba ikishapatikana, FET inatoa orodha ya masharti laini, yale yenye uzito chini ya mia, yaliyovunjwa, moja moja. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya programu nzima. Ichape uende nayo kwenye kikao cha walimu. Ikiwa kwaya imesukumwa mara tatu kutoka alasiri na michezo haijasukumwa hata mara moja, kila mtu ataliona kwenye karatasi, na mazungumzo yatahusu mistari ile badala ya nani anapendwa na mkuu wa shule. Endesha tena mara kadhaa, kwa sababu programu inatafuta kwa kubahatisha na kila safari inatoa ratiba tofauti. Iliyo nzuri ihifadhi kwa jina lake.

Mtoto aliye kwenye kwaya na kwenye timu

Penseli inapanga madarasa. Mgongano wenyewe uko kwa watoto wachache walio pande zote mbili: golikipa anayeimba besi, dada wa netiboli anayepiga kinanda. Ndio wanaovutwa huku na huku na mwisho kuacha kimoja.

FET inawaona kama ukiwaonyesha. Kila kidato ni mwaka, ndani yake kuna makundi, na ndani ya makundi kuna vikundi vidogo. Unda vikundi vitatu: wa kwaya tu, wa timu tu, na wa zote mbili. Kundi la "Kwaya" libebe kikundi cha kwanza na cha tatu, kundi la "Timu" libebe cha pili na cha tatu. Kikundi kimoja kinaruhusiwa kuwa ndani ya makundi mawili. Kuanzia hapo programu haitaweka kwaya na mazoezi ya timu saa ileile, kwa kuwa kikundi cha tatu hakiwezi kuwa mahali pawili. Usipitilize. Ukigawa kwa dini, kwa mkondo, kwa klabu na kwa chombo cha muziki kwa pamoja, vikundi vinazaana hadi faili lishindwe kusomeka. Gawa kwa kile kinachogongana tu.

Timu ya shule kwa kawaida hufanya mazoezi baada ya kengele ya mwisho, nje ya ratiba, na hapo programu ni kipofu. Ongeza mstari mmoja chini, uuite "Baada ya kengele", na uingize mazoezi ya timu humo. Lakini mara moja weka sharti kwamba masomo yote yakae kwenye vipindi 1 hadi 10, vinginevyo utakuta Hisabati imewekwa saa 9:20. Njia rahisi ni kuyapa masomo yote lebo moja, "Darasa", halafu sharti moja la nafasi zinazoruhusiwa kwa lebo hiyo, uzito mia.

Masika na mashindano

Hapa FET haiwezi kukuokoa peke yake. Mazoezi ya mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupamba moto kuelekea katikati ya mwaka, na miezi hiyo hiyo, Machi hadi Mei, ndiyo masika. Uwanja ukijaa maji, mpira unahamia ukumbini, na anayetoka ukumbini ni kwaya. Inasahaulika kwamba mashindano hayohayo yana kwaya na ngoma ndani yake, kwa hiyo shule inaivunja timu yake moja ili kuifundisha nyingine.

Programu haijui mvua, ila unaweza kutengeneza mafaili mawili mapema. La kwanza ni la kawaida. Linakili, lipe jina la masika, kisha ondoa "Uwanja" na uipe michezo vyumba viwili vya madarasa kwa nadharia, sheria za mchezo na mazoezi ya viungo, ukumbi ukibaki wa muziki. Kabla ya kubadilisha chochote, funga vipindi vyote vya masomo mahali vilipo kwa kitufe cha kufunga muda, ili vinavyosogea viwe michezo na muziki tu. Walimu wengine hawataona mabadiliko yoyote, na mwalimu wa zamu atatangaza paredi kama leo ni karatasi ya jua au ya mvua.

Fanya vivyo hivyo kwa wiki za mashindano: faili la tatu ambamo timu, kwaya na ngoma zote zimeongezewa muda, na klabu nyingine zimepumzishwa kwa wiki hizo.

Kwa shule za msingi

Mtaala mpya umeweka somo moja la Sanaa na Michezo. Likiingizwa kwenye FET kama somo moja, mwalimu mmoja, vipindi kadhaa, kitakachotokea kinajulikana: mpira unachukua vyote, kwa kuwa mpira unahitaji mpira tu na muziki unahitaji maandalizi. Ligawe unapoliingiza. Vipindi vya sanaa viwe na lebo yake na chumba chake, vipindi vya michezo navyo vivyo hivyo, hata kama mwalimu ni yuleyule. Kwenye karatasi itasomeka wazi kwamba Alhamisi ni sanaa, na mzazi au mkaguzi anaweza kuuliza.

Mapungufu

Utaitumia kwa Kiingereza, na menyu zake ni nyingi mno. Masharti yako kwa makumi, mengi hutayahitaji maisha yako yote, na mengine yanafanana majina kiasi cha kumchanganya hata mzoefu. Tenga siku mbili tatu za kuingiza data kwa shule ya mikondo minane, na muda zaidi wa kurekebisha. Kutafuta ratiba kwenyewe ni kazi ndogo: sekunde au dakika chache kwa shule ya kawaida, saa kadhaa kwa masharti magumu sana. Hifadhi kabla ya kuanza, umeme ukikatika usipoteze kazi.

Ni programu ya kompyuta, si ya simu. Ratiba inatoka kama kurasa za HTML, zile zinazofunguliwa kwa kivinjari: kwa kila darasa, kila mwalimu, kila chumba. Ukituma kurasa hizo kwenye WhatsApp zinasumbua kufunguka kwa baadhi ya simu, hivyo zigeuze kuwa PDF kwanza. Ukurasa wa chumba cha "Ukumbi" uchapwe peke yake na ubandikwe mlangoni, kwa sababu ugomvi mwingi wa ukumbi ni wa mtu aliyekuja na funguo akidhani zamu ni yake.

Usitegemee ipange nani amshikie mwalimu aliyeugua leo. Na wiki za kupokezana, wiki moja kwaya wiki nyingine bendi, zinawezekana kwa kuipa siku 10 badala ya 5, ila karatasi inakuwa ndefu na watoto wa kidato cha chini huchanganyikiwa.

Shule yenye fedha ambayo haitaki kujifunza masharti inaweza kuangalia aSc TimeTables ya Slovakia. Inalipiwa, na kusogeza kadi kwa mkono ni rahisi zaidi. Kwa shule ya kata au ya binafsi ya kawaida, yenye kompyuta moja ya ofisini na mwalimu wa taaluma mvumilivu, FET naipa nyota nne kati ya tano. Ianzwe Novemba, kabla ya likizo, mwalimu wa muziki na wa michezo wakiwa wamekaa meza moja na anayeingiza data, na siku za mwalimu wa muziki wa muda ziwe zimeshathibitishwa kwa maandishi. Zikibadilika Januari, usianze upya: fungua faili, funga masomo yote, badilisha siku zake, na uendeshe tena.